Nyasi ndefu na mimea ya umbo kwa ploti ya Kiamunyi

Swali: Habari mtaalamu. Tumehamia nyumba yetu mpya hapa Kiamunyi, Nakuru, ploti ya futi 50 kwa 100. Mbele ya nyumba, upande wa magharibi, kumebaki nafasi ya kama mita 8 kwa 12. Sitaki tena maua ya kubembelezwa. Nataka mimea inayosimama ikaonekana, na zile nyasi ndefu zenye masuke ya manyoya ninazoziona kwenye picha za bustani za ng'ambo. Mume wangu anasema nyasi ndefu ni makao ya nyoka, yeye anataka nyasi za kukata tu. Tuna watoto wa miaka 3 na 6 na mbwa mmoja. Maji ya mfereji huja mara mbili kwa wiki, mengine tunanunua ya kisima. Nianze na nini? Na je, mimea hiyo hiyo itafaa kwa wakwe zangu Kisumu, upande wa Ahero?

Mama wa wawili, Kiamunyi

Jibu: Dada yangu, kwa ufupi: mmea mmoja mkubwa, mmea mmoja wa chini wa kurudiwarudiwa, na nyasi aina mbili. Basi. Ukitoka kitaluni siku ya kwanza na zaidi ya hizo, umeshaanza kujiharibia.

Nasema hivyo kwa sababu bustani nyingi za Nakuru hazishindwi kwa kuwa na mimea mibaya. Zinashindwa kwa kuwa na kila kitu kimojakimoja. Mtu anapita kwa wauza miche Jumamosi anachukua yuka, wiki ijayo mnazi wa mapambo, jirani anampa tawi la krotoni, shemeji analeta waridi, na baada ya miaka miwili mbele ya nyumba pamejaa sampuli, bustani haipo. Mita 8 kwa 12 ni mita 96 za mraba. Zikiwa tupu zinaonekana uwanja. Toa njia ya miguu, toa mahali pa watoto kukimbia, uone kinachobaki.

Mmea wa umbo ni ule unaotambulika hata ukivuliwa maua na rangi zake. Jaribio ni rahisi: ukiwa kitaluni, upige picha kwa simu kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Mmea ukipotea ndani ya wenzake, huo ni wa kujazia. Ukibaki umesimama na mistari yake wazi, huo ndio unaoutafuta. Fanya vivyo hivyo na mahali utakapoupanda, maana umbo huhitaji kitu kitulivu nyuma yake. Ukuta wenu wa mawe unatosha kabisa, mradi usiutandaze mimea mitambaazi juu yake.

Sasa kuhusu hizo picha za ng'ambo. Uingereza na Marekani nyasi hizo hukaushwa na baridi, zikasimama rangi ya dhahabu miezi mitatu, kisha hukatwa mwishoni mwa Februari kabla ya joto kurudi. Kwetu hakuna baridi ya kuzilaza. Kazi hiyo hufanywa na kiangazi cha Januari hadi mapema Machi, na kwa bahati tarehe ya kukata inaangukia karibu palepale: wiki ya mwisho ya Februari au ya kwanza ya Machi, kabla mvua ndefu hazijaanza. Usipokata, nyasi za kwetu haziachi kukua. Majani mapya hupenya katikati ya makavu na ndani ya miaka miwili una kichaka cha kijivu kisicho na sura. Wengi huzing'oa hapo wakidhani zimezeeka, kumbe hazikukatwa tu.

Jambo la pili ni jua. Vitabu vya huko husema panda upande wa kusini ili mmea upate jua mchana kutwa. Ushauri huo usiuchukue hata kidogo. Ikweta inapita Mogotio, kaskazini kidogo tu ya kwenu. Juni jua la saa sita mchana linakuwa upande wenu wa kaskazini, Desemba linahamia kusini. Ukuta wa mita 2.4 hutupa kivuli cha kama mita 1 upande wake wa kusini adhuhuri ya Juni, na kama hicho hicho upande wa kaskazini Desemba. Kwa hiyo nyasi zinazotaka jua zikae mita 1 au zaidi kutoka kuta za kaskazini na kusini. Zikiwa kivulini hurefuka, hulegea na kulala chini, na masuke huwa machache.

Lakini hapo hapo una bahati ambayo jirani yako aliyejenga akitazama mashariki hana. Mbele yenu ni magharibi. Saa kumi na moja jioni mkikaa verandani, jua linakuwa nyuma ya chochote mtakachopanda upande wa geti. Masuke ya nyasi yakipigwa na jua kutoka nyuma huwaka, na hiyo ndiyo siri ya nusu ya zile picha ulizozipenda: mpiga picha alisimama akitazama jua. Ukizipanda nyasi zile zile nyuma ya nyumba, mashariki, jioni utaona majani ya kawaida. Basi sehemu ya nyasi tumeshaipata: mbali na veranda, kati yenu na machweo.

Udongo wenu nao unasaidia. Eneo lote hilo ni majivu na vipande vya mawe mepesi vilivyorushwa na Menengai. Maji hupita upesi mno. Mboga hulia, lakini mimea ya umbo, ambayo mingi huuawa na unyevu kwenye mizizi, hufurahi. Ubaya wake ni vumbi na mmomonyoko: mvua kubwa ya Aprili ikikuta ardhi tupu huondoka nayo. Ndiyo maana kila nilichotaja hapa chini nataka kiwekewe kokoto au mawe madogo juu ya udongo, tabaka la sentimita 5.

Kabla hatujafika kwenye majina, niseme kuhusu maji ya kisima, maana hili wauza miche hawalisemi. Visima virefu vya Nakuru vina floraidi nyingi. Wenyeji wengi tunaijua kwa madoa ya kahawia kwenye meno. Drasena na kodilaini, mimea ya mapambo ya majani marefu, hazivumilii floraidi. Ncha za majani huanza kukauka na kuwa kahawia, watu wakadhani ni kiu wakaongeza maji yale yale. Mbolea ya fosfeti ya dukani nayo mara nyingi hubeba floraidi. Ukitaka drasena, iweke pale mnapokinga maji ya mvua, la sivyo iache. Kwa mbele ya nyumba yako mimi ningeiacha.

Mmea mkubwa, basi. Najua kitakachokujia kwanza akilini, kwa sababu kila Mnakuru amekwenda ziwani: ile yuforbia kubwa, Euphorbia candelabrum, ambayo Waluo huiita bondo. Msitu wake ulio kwenye mteremko wa mashariki wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru ni miongoni mwa vitu vya ajabu kabisa katika nchi hii, miti yenye mikono iliyoinuliwa hadi zaidi ya mita 10. Kwa umbo hakuna mmea unaoifikia. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka 3 jibu langu ni hapana. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Vivyo hivyo mnyaa unaotumika kuzungushia boma. Huo nao una utomvu wa aina hiyo. Ukikuta tayari upo kwenye mpaka wa jirani na mtoto akajipaka, osha jicho kwa maji mengi safi papo hapo, kwa muda mrefu, kisha nendeni hospitali bila kungoja kuona kama litavimba.

Yuka ile ndefu ya shina nene, inayopandwa kila geti, nayo ningeipita. Si sumu kali, ila shina lake hutanuka chini mpaka likainua kabro, na ikifika mita 6 hakuna umbo tena, ni nguzo yenye kichwa. Mtapo wa mapambo, Cycas revoluta, ni mzuri ajabu na wa polepole, lakini una sumu inayoharibu ini la mbwa, hasa mbegu zake. Una mbwa. Tumeumaliza. Ule mgomba wa kipepeo kutoka Madagaska unataka nafasi pana na mahali pasipo upepo. Upepo wa alasiri wa Kiamunyi utaupasua majani yakabaki matambara.

Ninachokuchagulia ni mshubiri wa mti, Aloe volkensii. Ni wa kwetu, hukua porini Kenya na Tanzania. Husimama kwa shina moja au machache, juu kichwa cha majani ya kijivu na kijani, na hufika mita 4 hadi 6 bila haraka. Ukichanua, maua ya rangi ya chungwa iliyokolea huwaita ndege chozi asubuhi nzima. Mizizi yake haisumbui msingi wa nyumba. Usipoupata, Aloe arborescens ya Afrika Kusini hupatikana kwa urahisi zaidi. Hiyo hutoa matawi na kuwa kichaka cha mita 2 au 3, nayo ina umbo, ingawa la kukaa kuliko la kusimama. Mbwa akitafuna jani la mshubiri ataharisha, lakini uchungu wake huwa somo la kutosha.

Sharti moja: uliza ulikotoka. Mishubiri yote isipokuwa Aloe vera imo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kwa sheria ya Kenya ile ya porini haivunwi wala kung'olewa ovyo. Mtu akikuletea mshubiri mkubwa kwa pikipiki, mizizi imekatwa na udongo mwekundu wa Baringo bado umeshika, usinunue. Uliokuzwa kitaluni utaujua: umo kwenye mfuko au ndoo, mizizi myembamba imejaa, na muuzaji ana midogo ya aina hiyo hiyo pembeni.

Mmea wa chini wa kurudia ni agavi, lakini ujue agavi ipi. Agave americana, ile ya buluu yenye meno, hutanuka hadi mita 3 kwa upana na kila jani linaishia kwa mwiba ulio kwenye kimo cha jicho la mtoto. Ile yenye mistari ya njano wanayoipenda wenye hoteli ina mwiba ule ule. Unayoitaka ni Agave attenuata, asili yake Meksiko: haina mwiba hata mmoja, majani laini ya kijani kibichi yenye unga wa kijivu, yamepangika kwa duara. Mtoto akiiangukia, jani ndilo linalovunjika. Huzaa vitoto pembeni, kwa hiyo nunua 3 na baada ya miaka miwili utakuwa na 10. Siku moja, baada ya miaka mingi, mmoja utatoa mkia mrefu wa maua uliopinda hadi karibu na ardhi, kisha duara hilo litakufa. Usishtuke, ndivyo agavi zilivyo. Vitoto vitashika nafasi. Utomvu wake huwasha baadhi ya watu, hivyo vaa glavu unapogawanya.

Na sasa nyasi, ambazo ndizo ulizoulizia hasa.

Nyasi ya kwanza kwako ni ile ya zambarau, Pennisetum setaceum aina ya Rubrum. Majani ya rangi ya divai, masuke marefu laini yanayoinama, kimo cha mita 1 hivi. Inapenda jua kali na udongo unaopitisha maji, na kiangazi haikiogopi ikishashika. Ipande kwa umbali wa sentimita 75, isiwe mmoja hapa mmoja pale. Upepo ule ule utakaoupasua mgomba wa kipepeo utazifanya nyasi hizi zitembee, na ndiyo sababu napenda kuziweka pamoja na agavi: moja haitikisiki kabisa, nyingine haitulii. Bustani nzima inasimama juu ya tofauti hiyo.

Hakikisha ni ya zambarau. Dada yake wa kijani ni mwenyeji wa Afrika Mashariki na Kaskazini, kwa hiyo hapa hana ugeni, lakini humwaga mbegu bila huruma na upepo huzipeleka kwa jirani. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2017, na huko Hawaii nyasi hiyo imeteka miteremko mizima ya lava. Ya zambarau karibu haizai mbegu kabisa. Huongezwa kwa kugawanya shina. Muuzaji akikuambia alizipanda kutoka mbegu, basi anachouza ni kitu kingine.

Pampasi, ile nyasi kubwa ya Amerika Kusini yenye manyoya meupe ya kupita kichwa cha mtu, nadhani ndiyo hasa uliyoiona kwenye picha. Majani yake hukata ngozi, na mtoto anayekimbia hataona. Afrika Kusini imeiorodhesha miongoni mwa mimea vamizi. Sisi wa kanda ya ziwa tuna funzo letu tayari: gugumaji nalo lilitoka Amerika Kusini likasambazwa duniani kama ua la bwawani, na tangu miaka ya 1990 mvuvi wa Dunga kule Kisumu anajua bei yake. Kwa hiyo manyoya yawe ya zambarau, mafupi kidogo, dada. Hutajuta.

Nyasi ya pili ni hiari yako kati ya mbili. Ya kwanza ni mchaichai. Najua utacheka, umeuona nyuma ya kila jikoni. Lakini utazame bila kufikiria chai: chemchemi ya majani ya kijani isiyotaka kubembelezwa, mita 1 na zaidi, iliyojaa mwaka mzima. Ukipandwa mitano kwa pamoja mbele ya ukuta wa mawe hakuna atakayeuita kiungo cha jikoni. Huhitaji maji kidogo kuliko watu wanavyodhani na jirani atakupa bure.

Ya pili ni Themeda triandra, ile nyasi nyekundu ya mbuga zetu, masuke yake hugeuka rangi ya kutu mvua zikiisha. Mimi ningechagua hii. Ina jambo ambalo nyasi za kununua hazina: ni ya mahali hapa, na Januari ikishika rangi yake inalingana na milima ya kwenu. Vitaluni huipati kirahisi. Tafuta mtu mwenye shamba la malisho lisilochungwa sana, Solai au Rongai, umwombe mafungu machache mwanzoni mwa mvua, uyagawanye yakiwa bado na udongo. Hifadhini usichimbe chochote, ni kosa la kisheria. Haipendi kivuli wala kukatwa kila wiki. Mara moja kwa mwaka inatosha.

Kama ploti yenu ina mteremko kuelekea barabarani, ongeza mstari mmoja wa nyasi ya vetiva kwenye ukingo, mche kwa mche kila sentimita 15. Mizizi yake hushuka wima hata mita 3 na hushika majivu ya Menengai kuliko ukuta mfupi wa mawe. Haitambai.

Tuje kwa mume wako, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Kifutu wapo Nakuru. Lakini nyoka hafuati nyasi kwa sababu ni ndefu. Hufuata panya na mahali pa kujificha. Panya nao hufuata chakula cha kuku kilichomwagika, rundo la mbao za ujenzi zilizobaki, matofali yaliyopangwa nyuma ya tangi. Nyumba mpya huwa na vyote vitatu. Ondoeni hivyo kwanza. Kisha nyasi zipandwe kwa mafungu yanayoonekana chini, kokoto kati yake, zisigusane mpaka ardhini. Ziache mita 2 kutoka mlangoni na mahali pa watoto, na sentimita 60 kutoka kuta nyingine ili mtu apite na kufagia. Majani makavu yanayodondoka katikati yaondolewe kila mwezi. Nyasi iliyowekwa hivyo mtu huona chini yake akiwa verandani. Uzio wa miti ya miiba ya kei ulioachwa bila kufyekwa ndani yake ndio ungenitia mimi wasiwasi.

Na umpe nyasi zake za kukata. Sitanii, mimea ya umbo bila uwanja mtulivu mbele yake hukosa pa kuonekania. Mita 40 za mraba karibu na veranda ziwe zake na watoto. Ila akichagua nyasi za kikuyu, ambazo ni za nyanda zetu na watoto huzipenda, zikateni njia kabla hazijaanza: mawe yaliyozikwa kwa kina cha sentimita 20 kati ya uwanja na vitanda. La sivyo ndani ya msimu mmoja zitakuwa zimeingia katikati ya agavi, na kung'oa kikuyu ndani ya duara la agavi ni kazi ya kumpa adui.

Mpangilio wenyewe hauna ugumu. Mshubiri usiuweke katikati. Katikati ni pa mlingoti wa bendera. Uweke theluthi moja ya upana, pale njia ya kutoka getini inapopinda, ili mgeni auzunguke. Chini yake agavi 3 kwa fungu, na fungu jingine upande wa pili wa njia, na la tatu karibu na ngazi za veranda. Jicho litaruka kutoka fungu hadi fungu. Nyasi za zambarau ziwe 15 hatimaye, kwa mafungu yasiyolingana, 7 hapa, 5 pale, 3 peke yake, zote upande wa geti. Themeda au mchaichai ujaze nyuma yake. Nafasi iliyobaki iwe kokoto tupu, na uistahimili ikiwa tupu. Huo ndio mtihani mgumu kuliko yote, maana kila shangazi atakayekuja atakuwa na mche wa kukujazia.

Usinunue 15 mara moja. Nunua fungu 4 au 5 kubwa zenye afya. Mwakani Machi, ukishazikata, chimbua, pasua kila moja kwa panga kali vipande vinne vyenye mizizi, panda. Zimetimia, na zaidi.

Upandaji: ngoja mvua ndefu zishike, mwisho wa Machi au Aprili. Shimo la nyasi lipate karai nusu ya samadi iliyooza vizuri. Shimo la mshubiri na agavi lisipate samadi. Changanya kokoto kidogo, na mmea uinuke sentimita chache juu ya usawa wa ardhi ili shingo isilale majini. Nyasi zinyweshwe lita 5 kwa fungu mara mbili kwa wiki miezi miwili ya kwanza kama mvua itakatika, siku zile zile za maji ya mfereji. Mwaka wa pili, mara moja kwa wiki katika kiangazi tu. Usizipe mbolea ya kukuzia. Nyasi iliyoshiba hulala chini. Siku ya kukata, funga fungu kwa kamba ya mkonge kiunoni, kata sentimita 15 kutoka ardhini, ubebe mganda mzima bila kufagia.

Kuna nafasi moja nyingine kwenye ploti yenu ningeitumia, hata kama hukuuliza: pale maji ya bafuni au ya kufulia yanapotokea. Panda mgomba pori, Ensete ventricosum, mmoja tu, kwenye kona isiyopigwa na upepo. Hukua porini kwenye mabonde yenye unyevu ya nyanda zetu za juu. Majani yake ni makubwa kupita ya ndizi, na mshipa wa kati huwa mwekundu. Hauzai machipukizi, ukichanua umekwisha, baada ya miaka kadhaa. Ila maji yenye jiki usiyaelekeze huko.

Kwa wakwe wako Ahero, badilisha karibu kila kitu. Huko ni uwanda wa Kano, mita 1,150 hivi juu ya bahari, joto zaidi, na udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kushika maji mvua ikinyesha. Agavi na mishubiri itaoza ndani ya msimu mmoja isipopandwa juu ya tuta la mchanga na kokoto la nusu mita. Waanze na mkindu, ambao ni mwenyeji wa kando ya maji na hupenda kusimama kwenye unyevu, mashina mengi yaliyoinama pande zote; wauweke mbali na njia kwa sababu vishina vya majani yake vina miiba. Chini yake maua ya kana yenye majani ya zambarau. Kwa nyasi, vetiva tena, kwani hustahimili mafuriko na ukame vyote viwili, na mchaichai kwenye sehemu iliyoinuka.

Na mafunjo, bila shaka. Hakuna masuke ya ng'ambo yanayozidi kichwa cha fungu la mafunjo. Ila wasichimbe bwawa kwa ajili yake, mbu wa malaria wanatosha huko. Wachukue beseni kubwa lisilo na tundu, walijaze udongo mweusi hadi ukingoni, wapande kipande cha shina la chini chenye chipukizi, kisha wauweke udongo uwe tope daima bila maji kusimama juu yake. Likifika mita 2 wakate mashina yaliyokauka kutoka chini kabisa, si katikati, kwa sababu yaliyokatwa katikati hayachipui tena.